Uchafu Hauuzwi

Siku Idara ya Marejeo iliponikabidhi furu tisa wa mwisho wa aina yao, nilitia saini mara tatu. Mara ya kwanza kwa ajili ya samaki hao, ya pili kwa ajili ya tangi, na ya tatu kwa ajili ya kipakiti cheupe kisichozidi kiganja cha mkono, kilichofungwa kwa utepe mwekundu.

"Hiki ni cha dharura," aliniambia Generoza, afisa wa Idara aliyehudumia mtaa wetu wa Mabatini. "Ndani kuna bakteria waliotengenezwa maabara. Ukikimimina, maji yatatulia ndani ya saa mbili, hata yawe mabaya vipi. Lakini samaki wako hawatarudi ziwani tena. Si wao, si watoto wao, si wajukuu wao. Watabaki wa sebuleni milele."

"Sitakifungua," nilisema, kwa ile jeuri ya mtu ambaye shida haijambishia hodi.

Nikakiweka kwenye droo ya kabati la vyombo, chini ya vitambaa vya meza.

Mtaani kwetu nyumba arobaini zina matangi. Mwaka niliozaliwa mimi, ziwa liligeuka kijani kama supu ya mlenda, na wazee wetu wakashuka na ndoo, masufuria na mabeseni ya kuogea watoto, wakachota furu waliowawahi. Tangu hapo samaki wale wanaishi na watu, kila nyumba na aina yake. Miaka arobaini na miwili baadaye Idara ikafanikiwa kuzungushia ukuta ghuba moja ndogo na kuyaponya maji yake. Kila mwaka aina moja ya furu inarudishwa humo. Mwaka ule zamu ilikuwa ya furu kiuno-chekundu, na waliobaki duniani kote ni wale tisa, niliorithishwa kutoka kwa bibi mmoja wa Igogo aliyefariki.

Mimi ni fundi wa meno ya bandia. Nalitaja hilo kwa sababu ndilo lililonichelewesha. Mtu anayeshinda siku nzima akichemsha vifaa na kupangusa meza kwa spiriti hawezi kuambiwa kwa urahisi kwamba usalama wa kiumbe uko kwenye utelezi.

*

Tangi nililianza wiki sita kabla samaki hawajafika. Mwalimu wangu alikuwa jirani, Mzee Zefania, mstaafu wa posta, ambaye tangi lake lilikuwa la marehemu mkewe, Roza. Yeye ndiye aliyenisaidia kuchagua chujio.

"Kuna la mtungi, lenye mota," alisema. "Lina nguvu. Lakini hawa wako mama zao hulea mayai mdomoni. Siku vifaranga wakitemwa, mota itawafyonza kama uji. Chukua sponji. Pampu inapuliza hewa, hewa inapanda na kuvuta maji yapite kwenye sponji polepole. Halafu tia vigae vya chungu kilichovunjika. Vina vitundu vingi."

"Vitundu vya nini?"

"Vya wapangaji." Akacheka. "Mwanangu, samaki anakojoa humo humo anamokunywa. Mkojo wake ni amonia, na amonia inaunguza mashavu anayopumulia. Sasa kuna bakteria wanaoila ile amonia na kuacha nitriti. Nayo ni sumu. Wanakuja wengine wanaila nitriti na kuacha nitreti, ambayo mimea inaichukua, nyingine unaitoa wewe kwa ndoo. Hao ndio chujio. Sponji ni nyumba yao tu."

"Nitawapata wapi?"

"Watakuja wenyewe, kwa mwezi na zaidi. Au uje kwangu uombe uchafu."

Hii ni desturi ya Mabatini. Mwenye tangi jipya huenda kwa mwenye tangi la zamani, husimama nje ya mlango na ndoo yake, hubisha hodi na kusema, "Nimekuja kuomba uchafu." Mwenyeji hujibu, "Uchafu hauuzwi," kisha hukamulia sponji yake ndani ya ndoo ya mgeni. Nilipoambiwa hivyo nilikunja uso. Nikamshukuru mzee, nikarudi nyumbani, nikachemsha changarawe, nikaosha vigae, nikajaza maji ya mvua, nikadondosha amonia kidogo ya kuwavutia hao wapangaji, nikasubiri.

Kila asubuhi nilichota maji kwenye kichupa na kutia matone ya kupimia. Maji yakibaki ya njano, hakuna amonia. Yakigeuka kijani, ipo. Wiki ya kwanza kijani. Wiki ya pili kijani. Wiki ya tatu kijani kilekile, tangi safi linang'aa kama meno ya dirishani kwangu, na ndani yake samaki asingemaliza siku mbili.

Nikachukua ndoo.

"Fundi wa meno!" alisema Mzee Zefania aliponiona mlangoni. Aliinyanyua sponji yake, akaikamua, na maji ya rangi ya chai ya tangawizi yakachuruzika ndooni. Wiki tatu baadaye, kichupa changu kilibaki cha njano. Kwa hiyo nikisema nilisubiri wiki sita, mjue ni wiki tatu za kiburi na wiki tatu za uchafu wa jirani.

*

Furu walikuwa wamekaa kwangu miezi mitano wakati mama mkwe alipokuja kutoka Magu. Mume wangu, Lubango, alikuwa Tabora kwenye matengenezo ya reli, kwa hiyo tulikuwa wawili tu nyumbani, mimi na mama yake. Zilibaki wiki tatu kabla ya marejeo. Jike mmoja mkubwa alikuwa amefunga mdomo kwa siku kumi na mbili, hali chochote, kidevu kimemvimba kwa mayai. Matumaini ya Idara yote yalikuwa ndani ya kile kidevu.

Mama mkwe ni mtu mwema asiyeweza kukaa bila kazi. Siku ya kwanza alikaa. Siku ya pili alikaa, ila alitazama tangi kwa muda mrefu.

"Hawa ndio wale?" aliuliza.

"Ndio, mama."

"Tulikuwa tunawaanika kwenye mawe. Fungu zima kwa ugali wa watu wanane. Chakula cha maskini." Akasogea karibu zaidi na kioo. "Sikujua kama ni wazuri hivi."

Kisha akaiona sponji, kahawia, yenye utelezi, imesimama kwenye kona na mapovu yake. Nikamwona anaiona. Na hapo ndipo ningesema neno moja. Lakini mkaza mwana gani atamwambia mama wa mumewe asiguse kitu, ndani ya nyumba aliyoijenga mwanawe? Ningeonekana namwambia ana mikono michafu. Nikajisemea atauliza. Nikamtengea chai.

Mgeni siku mbili; siku ya tatu mpe jembe. Mimi sikumpa, alijichukulia. Asubuhi nilikwenda kazini, na niliporudi jioni nilikuta nguo zimefuliwa, nyumba imepigwa deki, sufuria zinang'aa. Nilifurahi, nikamshukuru kwa dhati, na kwa uchovu sikutupia macho tangini zaidi ya kuona mapovu yanapanda.

Kesho yake ilikuwa Jumamosi. Saa nne asubuhi niliwakuta furu wote tisa juu, midomo kwenye ngozi ya maji, wakitweta. Sponji ilikuwa ya bluu. Kwa miezi mitano nilikuwa nimesahau kwamba ilinunuliwa ikiwa ya bluu.

"Mama," niliita. "Hii uliiosha?"

Alitoka jikoni akijifuta mikono, uso umejaa furaha ya mtu anayengoja sifa. "Ilikuwa imeoza, mwanangu! Nimeiloweka kwenye maji ya moto na sabuni, nikaisuuza mara tatu, nikaianika kwenye kamba mpaka ikakauka kabisa. Na vile vigae nimevisugua kwa mchanga."

Nilichota maji, nikatia matone. Hayakuwa kijani tu. Yalikuwa kijani cha jani la mgomba.

Majuto ni mjukuu, wanasema. Wangu hakungoja ukoo ukue.

*

Nikafungua droo na kutoa kipakiti, nikakiweka mezani. Mama mkwe alisogea mezani. Alikwishaelewa kwamba ameharibu kitu, ila hakujua ni nini. Nilimweleza kwa maneno machache, sauti chini. Akavuta kiti, akakaa.

"Na hicho?" akauliza, akinyoosha kidole.

"Hiki kitawaponya wote kabla ya chakula cha mchana."

"Basi?"

"Basi hawatarudi ziwani."

Nikamweleza habari ya bwawa moja huko bara, ambako Idara iliwahi kumwaga bakteria hawa kwa kujaribu. Maji yalitakata. Watu walikwenda kupiga picha, maana mtu aliweza kuhesabu kokoto za chini kwa kina cha mita nane. Bakteria wale walikuwa walafi, walimaliza kila kitu ambacho mwani ungekula. Mwani ukafa, vidudu vya mwani vikafa, samaki wakafa. Mpaka leo bwawa lile ni zuri kutazama, na hakuna kinachopumua ndani yake. Ndiyo maana samaki aliyeogelea na hao bakteria haruhusiwi kukaribia ziwa, wala kizazi chake.

Kitu ambacho sikumweleza ni hiki: kipimo cha Generoza hakiwezi kuwaona bakteria hao mpaka waongezeke, na huchukua miezi. Ningeweza kumimina robo ya kijiko, nifunge utepe upya, ninyamaze. Samaki wote tisa wangeishi. Wiki tatu baadaye wangekwenda ghubani na kila mtu angepiga makofi. Wazo hilo lilinijia taratibu, likakaa, likakunja miguu. Sitasema uongo kwamba nililifukuza mara moja.

Upande mwingine, nisipofungua, wale walikuwa tisa tu. Wakifa, hakuna cha kurudisha ziwani wala cha kuweka sebuleni. Ni bora samaki wa kioo milele, au pengine hakuna samaki kabisa? Ningemuuliza nani? Idara ilichukua saini tatu, haikunipa jibu.

Nilichukua ndoo. "Nakuja, mama," nikasema, nikaacha kipakiti palepale mezani.

*

"Shikamoo, baba. Nimekuja kuomba uchafu."

"Marahaba. Uchafu hau..." Mzee Zefania akaiona sura yangu. "Nani kaosha?"

"Mama mkwe."

"Kwa sabuni?"

"Kwa sabuni, maji ya moto na jua."

Akafumba macho kidogo. "Roza alipooshewa yake na shemeji yangu, hakusema neno mpaka shemeji alipoondoka. Alilia kwenye kanga siku mbili. Wote mnaogopa kusema, halafu mnalia." Akaingia ndani, nami nikamfuata. Tangi lake lilikuwa na furu thelathini na kitu, weusi, wenye afya. Hakuikamua sponji. Aliichukua nzima, akaiweka kwenye ubao, akachukua kisu cha mkate na kuikata katikati.

"Baba, wa kwako?"

"Watafunga siku nne. Asiyekula hachafui. Nusu iliyobaki itatosha." Akatumbukiza ile nusu ndooni mwangu, ndani ya maji ya tangi lake. "Sikiliza. Hii si kile kipakiti chenu. Hawa wana mwendo wao. Leo watakula kidogo, kesho zaidi, keshokutwa ndiyo utaona. Badilisha maji kila baada ya saa tatu, theluthi, ya mvua, yasiwe ya bomba. Dawa ya bomba itawaua na hawa. Ongeza hewa. Usilishe."

"Watapona?"

"Baadhi." Alinitazama moja kwa moja. "Sikudanganyi, mwanangu. Baadhi."

*

Nilimkuta mama mkwe ameketi mbele ya tangi, kipakiti mapajani, mkasi mkononi. Utepe ulikuwa bado mzima. Samaki mmoja mdogo alikuwa amelala ubavu chini, mashavu yakienda mbio.

"Nimekishika tangu ulipotoka," alisema bila kugeuka. "Mara mbili nimeweka mkasi kwenye utepe. Yule pale anakufa, Nkwimba mwanangu, namwona anakufa, na ni mimi. Halafu nikasema, jana sikuuliza. Leo niulize." Akageuka. Macho yake yalikuwa mekundu. "Nikate?"

Nilisimama na ndoo yangu. Moyo wangu ulitaka aseme amekwisha kukata, ili isiwe juu yangu. Huo ndio ukweli, na unaniaibisha mpaka leo.

"Usikate, mama," nikasema.

"Watakufa."

"Wengine watakufa. Lakini ukikata, hawa wote watakuwa wameishia hapa, kwenye kioo hiki, karibu na vikombe. Ziwa halitawaona tena. Nimechagua mimi, si wewe." Nikavuta pumzi, maana lililobaki lilikuwa gumu kuliko hilo. "Na hili tangi, mama, naomba usiliguse mpaka nikuambie cha kufanya."

Nikasubiri anikemee. Akaweka mkasi chini.

"Ungeniambia hivyo juzi," alisema.

"Ningekukosea heshima."

"Mwanangu, niheshimu, sijakataa. Lakini usiniheshimu mpaka viumbe vife." Akasimama, akafunga kanga kiunoni. "Haya. Niambie cha kufanya."

Nikamwambia. Alibeba maji ya mvua kutoka kwenye pipa la nyuma, ndoo kwa ndoo, nami nikipima joto la kila ndoo kwa kipimajoto cha kliniki yangu. Tuliweka nusu ile ya sponji mahali pa ile ya bluu. Tulichota, tukamwaga, tukaongeza. Yule mdogo alikufa kabla ya saa saba mchana. Mama mkwe alimtoa kwa kijiko, akamfunga kwenye jani la mgomba, akaenda kumzika chini ya mipapai.

Jumapili walikufa watatu. Niliwatazama wakifa huku kipakiti kiko drooni tena, mita mbili kutoka mkononi mwangu, na kwa kila mmoja aliyezama nilijiuliza mimi ni nani hata niwapangie samaki kwamba ziwa ni bora kuliko uhai. Niliendelea kuchota maji kwa sababu mikono ilihitaji kazi.

Jike mkubwa alikuwa hai, pembeni, nyuma ya kigae. Tulikuwa tukichungulia kwa zamu. Samaki wa aina hiyo akizidiwa na hofu huyatema mayai au huyameza, na basi. Yeye hakufungua mdomo.

Jumatatu kichupa kilikuwa kijani hafifu. Jumanne ilibidi nikipeleke dirishani kuona kama kuna kijani. Jumatano kilikuwa njano, na mama mkwe, ambaye sasa alijua kupima kunizidi, alikibusu.

*

Generoza alikuja wiki iliyofuata na daftari la mtaa. Huwa lina safu ya "Vifo" na safu ya "Sababu," na husomwa kwa sauti kwenye mkutano wa wenye matangi.

"Andika jina langu," alisema mama mkwe. "Mimi ndiye niliyeosha. Andika Kabula wa Magu."

Nilichukua kalamu mwenyewe. Niliandika: Wanne. Mgeni aliosha chujio kwa sabuni. Mwenyeji hakumwambia asiguse.

Generoza alisoma, akatazama kipakiti kilichofungwa utepe wake, akachukua maji ya kupima. Kipimo kilipotoka safi, aligonga muhuri. Kisha tukasikia mama mkwe akiita kwa sauti ndogo, kama mtu aliye karibu na mtoto aliyelala.

Jike alikuwa ametoka nyuma ya kigae na kufungua mdomo. Walitoka mmoja mmoja, wadogo kama mbegu za tikiti, wakasimama mbele ya uso wake kama kijiwingu. Nilihesabu mara tatu. Ishirini na mmoja. Nililia mbele ya afisa wa serikali na sikujali.

"Nusu watakwenda ghubani," alisema Generoza. "Idara haitaki tena aina nzima iwe nyumba moja, mmeona wenyewe. Wengine watahitaji tangi jipya. Sijui nani."

"Magu kuna nyumba," alisema mama mkwe.

Alikaa wiki moja zaidi, mpaka siku ya ghuba. Tulisimama wote wawili kwenye ukuta tukawatazama kumi na mmoja wakiingia kwenye maji ambayo hayakuwa ya kutakata hata kidogo, ya kijani chepesi, yenye mwani na vidudu na matope. Walipotea mara moja. Mama mkwe alisema, "Nendeni, na safari hii hatuwali," na watu wakacheka.

Asubuhi ya kuondoka kwake nilisikia mlango wa mbele unafungwa, nikadhani amekwenda. Kisha hodi. Nilifungua. Alikuwa amesimama nje, amevaa viatu vyake vya safari, kindoo chenye mfuniko mkononi.

"Nimekuja kuomba uchafu," alisema.

"Uchafu hauuzwi, mama," nikajibu, nikaenda kuchukua kisu cha mkate. Sponji ilikuwa imeshajaa, kahawia, yenye utelezi. Nikaikata katikati, nikamtilia nusu ndani ya maji yake, akafunga mfuniko na kuukumbatia ule mzigo kifuani.

"Na wageni wakikujia huko Magu?" nilimtania. "Wale wasioweza kukaa?"

"Mgeni wangu yeyote," alisema, "kabla hajavua viatu, nitamwambia asiliguse tangi. Hata awe mama mkwe."